Saa ya kuzamia ya bei nafuu iliyotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameegemea zaidi Seiko SKX007, saa iliyoanza kuuzwa mwaka 1996 na kuondolewa sokoni mnamo 2019, kwa kuwa ndiyo ambayo wanunuzi wengi huiulizia kwanza, na pia ndiyo inayochezewa vipuri kuliko nyingine zote. Saa nyingine zimetajwa pale zinapotofautiana nayo. Jambo moja la lugha lifahamike mapema: tunapotaja namba ya usoni tunamaanisha mahali ilipo namba hiyo, si saa tunayoitamka. Kifundo, yaani kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira, kilicho kwenye namba 4 ndicho kilicho penye saa kumi yetu.

## Mambo ya msingi

Saa ya kuzamia inatofautianaje na saa nyingine inayozuia maji?

Kwa maana kamili, saa ya kuzamia ni ile iliyotimiza masharti ya kiwango cha kimataifa cha ISO 6425. Kiwango hicho kinadai kwamba saa istahimili kina cha mita 100 kwa uchache, ipimwe kwa shinikizo linalozidi kwa robo lile lililoandikwa, isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25, iwe na njia ya kuhesabu muda wa kukaa chini ya maji, na ivumilie chumvi, mshtuko na sumaku. Tena kila saa hupimwa uwezo wake wa kuzuia maji peke yake kabla ya kutoka kiwandani, ilhali saa za kawaida huweza kupimwa chache tu kwa niaba ya nyingine.

Usoni, tofauti hiyo hujificha katika neno moja. SKX007 na Citizen Promaster NY0040 zimeandikwa DIVER'S 200m. Casio MDV-106, ambayo wengi huiita Duro, imeandikwa WATER RESIST na mita zilezile 200, lakini neno la kuzamia halipo. Haifuati kwamba Casio hiyo ni saa mbaya, kwani kwa kuogelea baharini inatosha na kubaki. Inachomaanisha ni kwamba mtengenezaji hakuahidi zaidi ya alichoandika, na muuzaji naye asiahidi zaidi.

Je, mita 200 maana yake ni kwamba ninaweza kuzama nayo mita 200?

Namba hiyo ni kipimo cha shinikizo. Kila mita 10 za maji huongeza takriban bar 1, hivyo mita 200 ni bar 20. Mzamiaji wa burudani hufundishwa asipite mita 40, na mwenye cheti cha ngazi ya kwanza mita 18, kwa hiyo mwili wako utafika mwisho mapema kuliko saa.

Husemwa pia kwamba kupiga mkono majini huzidisha shinikizo kiasi kwamba saa ya mita 50 haifai hata kuogelea. Hesabu haikubali. Mkono ukienda kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde ndani ya maji, shinikizo linaloongezeka ni kama la mita moja na robo ya kina. Kinachoua saa iliyotumika ni mpira uliokauka, jambo linaloelezwa katika sehemu ya maji hapa chini.

Kwa nini watu wanahangaika na SKX007 wakati Seiko bado inatengeneza saa zinazofanana nayo?

Kwa sababu zinafanana kwa sura tu. Seiko 5 Sports za mwaka 2019, zinazoanza na herufi SRPD, zina umbo lilelile na mashine iliyo bora zaidi, 4R36, lakini zimepimwa mita 100 na kifundo chake hakifungwi kwa skrubu. Kama nia yako ni kuivaa ofisini na kuingia nayo bwawani mara mojamoja, SRPD iliyotumika ni ununuzi wa akili kuliko SKX007 iliyopandishiwa bei. Kama unataka saa ya kuzamia hasa, SRPD haimo katika hesabu, hata muuzaji aiite hivyo.

Ile pete ya juu inayozunguka ni ya nini?

Ni ya kupimia dakika zilizopita. Unaizungusha mpaka pembetatu yake ielekee ulipo mshale wa dakika unapoanza kuzama. Baadaye unasoma mshale umefika wapi kwenye pete. Huzunguka upande mmoja tu, kinyumesaa, ili ikigongwa kwa bahati mbaya ikuonyeshe umekaa chini muda mrefu zaidi kuliko ulivyokaa, na kamwe isikuonyeshe mfupi.

## Kuchagua

Nichukue ya kujijaza, ya betri, au ya mwanga?

Kwa anayetaka saa ya kuvaa na kusahau, ya betri au ya mwanga hushinda. Citizen BN0150, inayojichaji kwa mwanga, ina mita 200 na neno la kuzamia usoni, na kwa kuwa haifunguliwi kila baada ya miaka miwili mitatu kubadilishwa betri, mfuniko wake wa nyuma mara nyingi haujaguswa. Hilo ni jambo kubwa kwa saa iliyotumika, kwa maana kila mfuniko ufunguliwapo kuna nafasi ya mpira kurudishwa vibaya.

Saa za kujijaza kwa mtikisiko wa mkono hupendwa kwa sababu ambazo hazina hesabu, nasi hatutazitetea hapa. Zinapoteza sekunde, zinasimama ukiziweka siku mbili mezani, na zinahitaji fundi anayejua kazi.

SKX007, SKX009 na SKX013 zinatofautianaje?

SKX007 ni nyeusi, na SKX009 ni ileile yenye pete ya buluu na nyekundu. Zote mbili zina upana wa milimita 42 na ushee na mkanda wa milimita 22. SKX013 ni ndogo, milimita 38, na kwa kuwa hazikuenea kama wenzake, wauzaji huidai bei ya juu zaidi.

Herufi J na K mwishoni zinabadilisha nini?

Zinabadilisha maandishi zaidi kuliko saa. Toleo la J lina maandishi usoni yanayosema kwamba imetengenezwa Japani, nalo la K halina. Mashine ni ileile ya 7S26. Wapo wanaolipa zaidi kwa ajili ya maandishi hayo, na ndiyo sababu uso wa J ni kipuri kinachobandikwa kwenye saa ya K bila haya.

## Kuikagua

Nikiishika mkononi, nianze na nini?

Anza na kifundo cha pembeni, kabla hata ya kutazama kioo. Kwenye SKX007 kipo kwenye namba 4. Kifungue kwa kukizungusha kinyumesaa: kinapaswa kulegea taratibu kwa mizunguko kadhaa, kisha kijisukume nje chenyewe kwa springi. Kirudishe kwa kukisukuma kidogo huku ukikizungusha, na usikilize kwa ncha za vidole. Hesi (meno ya skrubu) nzima hushika mara moja na kukaza laini hadi mwisho. Hesi iliyoliwa hukwaruza kama mchanga, huruka, au hufika mwisho na kuendelea kuzunguka bila kukaza. Kama upande wa kifundo umekufa, vipuri hupatikana. Kama umekufa upande wa bomba lililomo ndani ya kasha la SKX, kazi ni kubwa, kwani bomba hilo si la kufunguliwa na kubadilishwa kirahisi.

Baada ya hapo zungusha pete, ambayo kwenye SKX ina mibofyo 120 kwa mzunguko mmoja. Pete inayokwama huenda imejaa chumvi na jasho tu, na kusafishwa hutosha. Pete inayozunguka pande zote mbili imepoteza springi yake au si ya saa hiyo.

Mwisho tazama ndani ya kioo kwa mwanga wa pembeni, hasa pembezoni mwa uso na kwenye shina la mishale. Madoa ya rangi ya chai, rangi iliyotutumka, au mshale wenye vipele ni ushahidi kwamba maji yalikwisha kuingia, na maneno ya muuzaji hayatauondoa.

Nitajuaje ilitengenezwa lini?

Soma namba 6 zilizoandikwa kwenye mfuniko wa nyuma. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ya pili ni mwezi, ambapo 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, na O, N na D husimama kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Saa inayoanza na 8N basi ni ya Novemba, lakini ya mwaka 1998, 2008 au 2018. Namba haitaji muongo. Muuzaji anayesema kwa uhakika kuwa ni ya 2018 aulizwe amejuaje: risiti au kadi ya dhamana ni jibu, kung'aa kwa saa si jibu.

Nitaitambuaje saa ya kuungaunga?

Saa ya kuungaunga ni ile iliyokusanywa kutoka saa kadhaa, au iliyotiwa vipuri visivyo vya Seiko. Si lazima iwe feki, ila hailingani na bei ya iliyo kamili. Kwa SKX kuna jaribio rahisi ambalo halihitaji kufungua chochote. Mashine ya 7S26 haijazwi kwa kuzungusha kifundo, wala mshale wa sekunde hausimami unapovuta kifundo ili kurekebisha majira. Kama unayoishika inajazwa kwa mkono na sekunde zinasimama, basi ndani yake mna mashine nyingine, mara nyingi NH36, ambayo ni bora kuliko ya awali. Mwenye kuuza angelisema hilo mwanzoni. Asiposema, jiulize mengine aliyonyamazia.

Tazama pia kama namba ya mfuniko wa nyuma inaanza na 7S26. Mfuniko wa asili una mchoro wa wimbi katikati. Rangi ing'aayo gizani iwe na nguvu sawa usoni na kwenye mishale: funika saa kwa viganja baada ya kuianika kwenye mwanga kwa dakika moja, uchungulie. Mishale ikiwaka kijani kikali na uso ukabaki hafifu, kimojawapo si cha hapo.

Alama za dakika hazijanyooka na pete ya juu. Ni feki?

La. Seiko za bei hii zimetoka kiwandani zikiwa hivyo mara nyingi, na wenye nazo huzilalamikia hadi leo. Ikikukera, ikatae kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya shaka.

Mikwaruzo ipunguze bei kiasi gani?

Kioo kilichokwaruzwa kipunguze kidogo, kwa kuwa hubadilishwa. Kasha lililopigwa msasa lipunguze zaidi, ingawa huonekana zuri kuliko lenye mikwaruzo: kingo kali zikishalainishwa hazirudi. Kati ya kasha lenye makovu ya kweli na lililong'arishwa hadi kuwa kama sabuni iliyotumika, chagua la makovu.

## Maji

Muuzaji anasema ni ya mita 200. Naweza kuingia nayo baharini siku hiyohiyo?

Usifanye hivyo. Mita 200 ni sifa ya saa siku iliyotoka kiwandani, nayo hutegemea mipira midogo iliyo chini ya mfuniko, chini ya kioo na ndani ya kifundo. Mipira huzeeka hata saa ikikaa kabatini. Kwa hiyo unaponunua saa iliyotumika unanunua kasha, uso na mashine. Ukavu unaununua upya kwa fundi, na gharama yake iwe imo kwenye bajeti kabla ya kukubaliana bei.

Niliwahi kununua SKX009 iliyong'aa kiasi kwamba sikuona haja ya kwenda kwa fundi upesi. Mfuniko ulipofunguliwa miezi kadhaa baadaye, mpira ulitoka ukiwa bapa na mgumu kama kamba ya plastiki, na kuzunguka shina la kifundo palikuwa na kutu iliyoanza kutambaa kuelekea kwenye mashine. Nilikuwa nimeoga nayo muda wote huo. Muuzaji hakuwa amenidanganya, kwa sababu sikuwa nimemuuliza.

Fundi afanye nini hasa?

Abadilishe mpira wa mfuniko na wa kifundo, aipake mafuta ya silikoni kidogo, kisha aipime kwa mashine ya shinikizo. Mashine ya kawaida hupima kwa hewa: huisukuma saa na kuangalia kasha linavyobonyea, na kasha lisilobaki limebonyea linavuja. Mwombe akupe matokeo mkononi. Anayesema ameipima kwa kuitumbukiza kwenye glasi ya maji hajaipima.

Kwetu hakuna fundi mwenye mashine hiyo. Kuna jaribio la nyumbani?

Lipo moja la kutambua unyevu uliokwisha kuingia, nalo limetokana na kiwango chenyewe cha ISO 6425. Ipashe saa joto la nyuzi 40 hadi 45 hivi kwa dakika 10 hadi 20. Sahani iliyowekwa juu ya sufuria ya maji moto yasiyochemka hutosha. Weka tone la maji ya kawaida juu ya kioo, subiri dakika moja, ulifute. Ukungu ukitokea upande wa ndani wa kioo, mna maji ndani. Usipotokea, umejua kwamba ndani ni pakavu leo. Hujajua kama patabaki pakavu kesho ndani ya bahari. Mpaka utakapopata mashine, iishie kwenye mvua na kunawa mikono.

Na kuoga maji ya moto?

Hapana, hata kwa saa iliyopimwa. Joto, mvuke na sabuni huchosha mipira. Baada ya bahari isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kifundo kikiwa kimekazwa, na uzungushe pete mara chache ili chumvi itoke.

## Mashine na majira

Inakimbia sekunde 30 kwa siku. Ni mbovu?

Kwa 7S26, si mbovu. Seiko yenyewe iliruhusu kuchelewa sekunde 20 hadi kukimbia sekunde 40 kwa siku. Ikikimbia dakika kadhaa ghafla, huenda imeshikwa na sumaku ya spika au kifuniko cha simu, na kuiondoa sumaku ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa. Ikichelewa sana na kusimama usiku hata baada ya kuvaliwa kutwa, mafuta yake yamekauka, nayo ihesabiwe kama saa inayohitaji kufunguliwa yote. Mashine iliyojaa hutembea saa 40 hivi baada ya kuvuliwa. Mwombe muuzaji aivue mbele yako na kukukabidhi, kisha uhesabu mwenyewe kabla ya muda wa kurudisha kwisha.

Tarehe imekwama katikati. Nifanye nini?

Sogeza mishale mbele hadi ivuke usiku wa manane uone kama inamalizia. Mara nyingi chanzo ni mtu kubadilisha tarehe kwa kifundo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati meno ya tarehe yameshikana. Yakiwa yamevunjika, tarehe haitasogea kabisa, na hilo ni punguzo la bei.

## Kulipa

Bei ya haki ni ipi?

SKX007 mpya iliwahi kuuzwa kwa dola 200 hivi, mara nyingi pungufu, na ilipoacha kutengenezwa bei za zilizotumika zilipanda hadi nyingine kuipita hiyo. Badala ya kukimbizana na soko, jumlisha bei anayodai muuzaji na gharama za fundi kama zilivyoelezwa juu, kisha linganisha na bei ya saa mpya ya kuzamia kama Citizen NY0040. Jumla ikiizidi ile mpya, unalipia jina. Huo ni uamuzi halali, mradi umeufanya ukijua.

Muuzaji yuko mji mwingine na anataka pesa kwanza.

Mwombe video fupi, si picha: sekunde zikitembea, kifundo kikifunguliwa na kufungwa, pete ikizungushwa, na namba ya nyuma, vyote pamoja na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mwenye saa hulifanya kwa dakika tatu. Mkikutana, kutaneni mchana, na ikiwezekana kwenye kibanda cha fundi mliyemchagua ninyi wawili, mfuniko ufunguliwe kabla ya pesa kutumwa.

## Hali za pekee

Siku zimeandikwa kwa Kiarabu. Imebadilishwa?

Hapana. Seiko ziliuzwa na siku kwa lugha mbili kulingana na soko, na zenye Kiingereza na Kiarabu zililenga nchi za Kiarabu. Nyingi za aina hiyo zimefika pwani kwetu mikononi mwa ndugu waliotoka Oman au Dubai. Kwa kifundo unaweza kuchagua lugha uipendayo.

Kifundo cha Vostok Amphibia kinachezacheza kikifunguliwa. Kimevunjika?

Hivyo ndivyo kilivyoundwa: kikiwa kimefunguliwa hakikazani na shina, ili pigo la pembeni lisilipinde shina hilo. Saa hizi za Chistopol, mji wa Urusi, zilizoanza mwaka 1967, pia hazina njia ya haraka ya kubadilisha tarehe. Unarudisha mishale nyuma hadi saa mbili usiku, kisha mbele kupita usiku wa manane, na unarudia kwa kila siku moja.

Citizen ya mwanga inaruka sekunde mbilimbili.

Inakuambia ina njaa. Ianike kwenye mwanga wa dirishani kwa siku kadhaa, isiwe juani kwenye bati la moto. Isiporudi, inahitaji seli yake maalumu ya kuchaji. Betri ya kawaida isitiwe humo kamwe.

Nimeletewa Seiko 6309 ya baba mdogo, ya miaka ya 1980. Nizame nayo?

Ilipotoka ilikuwa ya mita 150, na sasa ina umri wa miaka 40 hivi. Ivae nchi kavu. Usikubali uso wake upakwe rangi upya ili "upendeze", kwa sababu soko limejaa 6309 zilizopakwa, na uso wake wa asili, hata ukiwa na madoa, ndio unaoitofautisha na hizo.

Saa yangu imeingia maji ya bahari sasa hivi. Nifanye nini kabla ya kufika kwa fundi?

Usiiweke kwenye mchele wala juani. Kama unaweza kuufungua mfuniko bila kuuharibu, ufungue, umwage maji, uigeuze uso chini juu ya kitambaa kikavu, na uipeleke leo hii. Chumvi hula chuma hata baada ya maji kukauka, hivyo mashine iliyosafishwa siku hiyohiyo mara nyingi huokoka, na iliyoachwa wiki nzima "ikauke yenyewe" hubadilishwa.